Jozi ya Ishirini

Likasi, 4 Februari 1979

Kwako Yaya Urbain, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zetu. Hapa tu wazima, isipokuwa mke wangu Clotilde anayekohoa kwa vumbi. Habari ya jicho lako lililobaki?

Nilipoiona barua yako nilikaa chini. Miaka minane bila barua! Nilidhani ni msiba, kumbe ni kazi ya shule ya binti yako Élise: jozi ishirini za maneno ya Kiingereza yanayopingana. Ameuliza mtu anayefaa, maana ofisini mimi ndiye mkalimani wao. Zimo humu: hot na cold, come na go, full na empty, na nyinginezo. Mwambie awe macho na old: kwa nguo mpinzani wake ni new, kwa mtu ni young. Mtu mrefu ni tall, lakini mlima ni high. Mtu mfupi ni short, mlima mfupi ni low. Waingereza hawa wana mambo.

Mdogo wako,
Cyrille

Kambove, 25 Februari 1979

Mdogo wangu Cyrille,

Tunakusalimu wote, na Clotilde umpe pole. Mahindi yamekomaa, mwili unajikokota, na habari ya jicho isikusumbue.

Élise anashukuru sana. Siku hizi kuku wote wa uani ni short. Ila amehesabu mara mbili na kupata jozi kumi na tisa. Nimemwambia baba yake mdogo si mtu wa kusahau, labda kalamu iliteleza. Tutumie hiyo ya mwisho. Au uilete mwenyewe. Teksi-basi ya asubuhi inafika hapa kabla jua halijawa kali.

Yaya yako,
Urbain

Likasi, 20 Mei 1979

Yaya Urbain,

Salamu nyingi. Clotilde amepona. Mwandiko wako nao umepona. Zamani ulikuwa ukiandika kama kuku anayeparua.

Kalamu haikuteleza. Jozi hiyo ni open na shut. Barua hii nimeianza mara sita.

Unalikumbuka bomba jipya la asidi pale kiwandani, gurudumu lake likiwa na mishale miwili iliyoandikwa Kiingereza. Lilikuwa linavuja nawe ukitaka kulifunga, ukaniita: "Cyrille, weye unayua Kingereza. Shut njo nini?" Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na wenzetu walikuwa wananitazama. Nikajibu, "Njo kufungula, yaya!" Ukazungusha upande wa pili, ule wa open, asidi ikakurukia machoni.

Shuleni tuliimba maneno hayo mawili mawili, open-shut, open-shut, mwalimu akipiga meza. Sikuwahi kulijua moja likiwa peke yake.

Wakubwa wa kiwanda walipokuuliza nani alikuambia, ulisema ulibahatisha. Wakakufukuza kazi, nami nikanyamaza. Baadaye nikajifunza Kiingereza barabara kwa sababu ya aibu, na aibu hiyo ikanipa cheo. Najuta, yaya. Nakaa na majuto haya kila siku. Nataka kwenda kwa wakubwa niseme ni mimi. Niruhusu tu.

Na Élise asijue. Hilo nakuomba kwa magoti.

Mdogo wako,
Cyrille

Kambove, 3 Juni 1979

Mdogo wangu Cyrille,

Salamu zangu, na za katekista Lambert anayeniandikia. Jicho la pili lilizimika mwaka juzi. Sikutaka kukuongezea mzigo. Mwandiko uliousifu ni wa Élise, na barua zako huzisoma yeye. Hii aliisoma kwa sauti mpaka mwisho, hata pale unapoomba asijue. Kisha akaikunja, akaenda kuteka maji.

Mimi nilijua tangu wiki ile ile. Nilikuwa bado hospitalini nikamwuliza padri maana ya neno lile. Mtoto sikumwambia, kwa sababu nilitaka siku utakayokuja akupokee kama baba yake mdogo. Miaka minane niliitunza siku hiyo, nawe ukatuma karatasi. Ungekuja ukaniambia sikioni, yangeishia kwetu wawili. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko macho.

Kwa wakubwa usiende, hawana cha kunirudishia. Njoo hapa. Élise amesema ukibisha hodi hatakufungulia. Basi nitafungua mimi. Kutoka kitini hadi mlangoni ni hatua tisa, nimezizoea.

Yaya yako,
Urbain