Vichupa Namba 31 na 32

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada. Kazini naitwa Mama Vichupa.
Jinsia: mwanamke. Umri: miaka 46.
Kazi: fundi wa maabara, kitengo cha kulinganisha tishu, hospitali ya rufaa.
Makazi: nyumba za watumishi, nyuma ya jengo la kufulia.
Yahusu: kuchanwa kwa daftari la maabara.

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu na nina akili timamu, ingawa wapo wenzangu watakaobisha wakisikia nilichokuja kusema. Saa nitakazotaja ni za saa yangu ya mkononi. Ya hapa kituoni iko mbele dakika nne, na afande ameniruhusu kusema hivyo.

Kazi yetu ni kupima alama za tishu za mgonjwa anayehitaji figo, tukapima na za ndugu anayejitolea, ili ijulikane nani anafanana na nani. Figo ya anayefanana ndiyo mwili huivumilia kwa muda mrefu. Zipo njia mbili. Ya zamani ni ya sinia: seli hai zinawekwa kwenye vishimo vyenye seramu, yaani majimaji ya damu, za aina mbalimbali, zinatiwa rangi, kisha mtu anatazama kwa darubini. Iliyokufa hunywa rangi, iliyo hai hung'aa. Ya pili ni mashine inayosoma jeni zenyewe.

Mashine hiyo tuliipata mwaka jana. Kabla ya kuiamini, mkuu wa maabara aliagiza tulinganishe njia hizo mbili kwa watu arobaini. Kila damu igawanywe mara mbili. Sinia azisome fundi mkuu, mashine niendeshe mimi, na asiwepo wa kuona majibu ya mwenzake mpaka siku ya kuyaandika pamoja daftarini.

Fundi mkuu ndiye aliyenifundisha kazi. Hospitali nzima inamwita Jicho. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: nimemwona akisoma sinia tangu asubuhi hadi mchana bila kuinua kichwa, na tukirudia, majibu ni karibu yale yale. Mimi namwita mwalimu, yeye ananiita binti yangu, japo nina wajukuu wawili.

Namba 30 kwenye orodha ni mgonjwa mwenyewe, fundi cherehani wa miaka 34 anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki. Namba 31 ni kaka yake. Namba 32 ni dada yake. Hana ndugu wa tatu.

Ijumaa ya tarehe 8 mwezi huu, saa nane mchana, tulifungua bahasha. Njia mbili zilikubaliana kwa watu wote arobaini. Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga. Nilipaswa kushtuka, maana njia ya sinia haijawahi kukubaliana kiasi hicho hata na yenyewe. Sikushtuka kwa sababu nampenda mwalimu wangu na nilimfurahia. Majibu yakaenda wodini: kaka analingana kikamilifu, dada halingani. Upasuaji ukapangwa Jumatano tarehe 13, saa mbili asubuhi.

Dada mtu alikuja dirishani kwetu kuchukua nakala yake. Alisema, "Tumenyonya ziwa moja, na bado damu yangu imenikataa." Nilimjibu kwamba vipimo havina upendeleo. Jibu hilo linaniuma hadi leo.

Mnamo Jumatatu tarehe 11, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, nilikuwa nahamisha vichupa vya mashine, vikiwa bado kwenye trei yake yenye matundu ya namba, kutoka jokofu la mashine kwenda la akiba. Nilikuta kichupa namba 31 kwenye tundu la 32, na namba 32 kwenye tundu la 31. Mashine hufuata tundu, haisomi maandishi ya kwenye kichupa. Ufunguo wa jokofu la mashine ninao mimi peke yangu. Kwa hiyo nilivibadilisha mimi. Hakuna mwingine, na naomba iandikwe hivyo.

Nikakaa juu ya ndoo. Halafu nikajiambia tulia, mama, ndiyo maana ya kulinganisha. Damu ya sinia aliigawa mwalimu mwenyewe na haikupita mikononi mwangu. Kama mimi nilibadilisha, sinia lazima zitapingana na mashine kwenye namba hizo mbili. Nikafungua daftari. Hazikupingana. Sinia zilikuwa na kosa langu mimi, neno kwa neno. Kosa langu halikuwa kwenye damu, lilikuwa kwenye karatasi yangu ya majibu ya mashine. Hapo nikajua mwalimu hakusoma sinia. Alinakili.

Saa tatu kasoro dakika tano niliingia chumbani kwake, nikafunga mlango.

Nikamwambia, "Mwalimu, thelathini na moja na thelathini na mbili. Ulizisoma?"

Akasema, "Naona ukungu, binti yangu. Tangu mwaka jana."

"Mbona hukusema?"

"Fundi wa darubini asiyeona ni fundi wa nini?"

Alieleza kwamba karatasi zangu hutokea kwenye printa iliyo chumbani kwake, na herufi zake ni kubwa, akizisogeza dirishani anazisoma. Printa ile sote tulijua iko pale. Tulifunga bahasha kwa gundi, na majibu yakawa yanapita mlangoni. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na safari hii kifo chenyewe kilikuwa cha mtu mwingine.

Nilimwambia nakwenda kwa daktari wa upasuaji. Akasema, "Unajikaanga kwa mafuta yako mwenyewe. Vichupa ulivibadilisha wewe, si mimi."

"Basi nitakaangika."

"Kaka naye ni ndugu. Figo itashika."

"Itashika mpaka lini, mwalimu?"

Nilikuwa na hasira, na nilikuwa namwonea huruma, vyote kwa pamoja.

Saa tatu na robo nilikuwa ghorofa ya pili kwa daktari wa upasuaji. Nilimweleza yote, nikianzia na kosa langu. Alisema, "Mama, kaka mtu ameshalazwa na chumba kimeshapangwa. Siwezi kusimamisha kwa neno tupu. Niletee daftari."

Niliporudi, saa tatu na dakika arobaini, mwalimu alikuwa amesimama kwenye beseni la dawa ya kuua vijidudu. Karatasi ilikuwa ndani, wino unayeyuka. Daftari lilikuwa mezani na pengo katikati. Nilisema, "Mwalimu, umefanya nini?" Akasema, "Sasa ni neno langu na lako." Nikachukua daftari hivyo hivyo, nikapanda nalo ngazi. Nilisema moyoni, nitalala mlangoni pa chumba cha upasuaji kama hapana budi, wanipige teke wakipita.

Mbele ya daktari nilifungua nimwonyeshe pengo. Namba 25 hadi 32 zilikuwepo, kwa mwandiko wa mwalimu, na sahihi yake chini. Karatasi iliyokosekana ni inayofuata, ya 33 hadi 40.

Daktari alisoma, akaona sinia zimerudia kosa la mashine kwenye 31 na 32, akanitazama, akapiga simu kusimamisha upasuaji. Alasiri ile ile ndugu wote watatu walitolewa damu upya. Sinia nilizisoma mimi, mashine akaendesha mwenzangu wa zamu, na printa tuliihamisha. Jana Jumanne, saa kumi na moja jioni, njia zote mbili zilisema jambo moja: anayelingana ni dada. Nilimpelekea habari mwenyewe wodini na nikamwomba radhi. Aliniuliza, "Kwa hiyo ni mimi?" Nikamwambia ni wewe. Alicheka na kulia, akamwambia kaka yake, "Vua gauni la hospitali, ni langu." Upasuaji ni kesho asubuhi.

Afande ameniuliza kama mwalimu anajua ni karatasi gani aliyoichana. Hajui. Nimekaa naye chumba kimoja jana na leo, anaamini ushahidi uliyeyuka kwenye beseni. Kosa langu nimelisema kwa daktari, kwa mgonjwa na kwa mkuu wa maabara. Hili la kumwambia Jicho kwamba hakuona hata ukurasa wa kuchana, nimeshindwa. Naomba polisi wamwambie.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyatenda na niliyoyakosea. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)
Jumatano tarehe 13, saa tano na dakika kumi asubuhi.

MAONI YA ASKARI MPOKEZI: Daftari limepokewa kama kielelezo. Nilimtahadharisha shahidi kwamba sehemu inayohusu kubadilishwa kwa vichupa inaweza kutumika dhidi yake kazini au mahakamani, na kwamba anayo haki ya kutoisema. Aliomba asomewe tena sehemu hiyo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Ukiitoa hiyo, aliyonakili mwalimu yanakuwa ya kweli. Iache."