Vichwa vya Wafalme, Cedar Hill

Jumamosi, 1 Machi 2003

Nimerudi kutoka maonyesho ya sarafu Fort Worth na sarafu ya Leopold, mfalme wa Kizungu aliyejimilikisha Kongo! Faranga tano za Kongo, 1887, fedha nzito, ndevu zote zinaonekana. Mke wangu Abigail kaitazama, kasema nzuri, karudi kulala. Mimba inamchosha. Mbili za kwanza hazikufika miezi minne. Hii iko mwezi wa tano — naogopa hata kuandika.

Alhamisi, 6 Machi

Wanawake wa maombi wamekuja kuombea nyumba. Ndiyo desturi yao: chumba kwa chumba, hadi kabati zinafunguliwa. Mimi Mwanglikana wa Muheza, sala zangu ni za kitabuni. Nikabaki jikoni na chai. Mara kelele stoo. Wamekuta trei zangu za sarafu. Kiongozi wao, Mama Carmel, Mkongomani wa Uvira, akatoka nayo moja mkononi:

"Baba, hii vichwa ya batu benye walikufa inafanya nini mu nyumba ya mama wa mimba?"

Nikaanza kufundisha, ujinga wangu! Nikamwonyesha Maria Theresa, malkia wa Austria. Alikufa 1780, lakini sarafu yake ikaendelea kupigwa zaidi ya miaka mia kwa tarehe ileile, maana wafanyabiashara wa Uhabeshi na pwani yetu hawakutaka nyingine. Bibi yangu aliiita reale, akaivaa shingoni; ndiyo hii yenye tundu. Na malkia huyu, nikasema, alizaa watoto kumi na sita! Nilidhani nimeshinda.

Abigail akauliza taratibu: alizika wangapi?

Najua ni wangapi. Nikairudisha reale kwenye trei.

Mama Carmel alipofika kwa Leopold hakutaja shetani. Aliirudisha, akapangusa vidole kwenye kitenge chake. Niliona aibu. Wiki nzima nimemshangilia yule mtu aliyeangamiza watu wa kwao, kwa ajili ya ndevu.

Ijumaa, 7 Machi

Abigail hali chakula. Anasema si kwamba anaamini kila kitu. Anauliza tu: kama ni kwa ajili ya mtoto, ungekataa kuzitupa? Sarafu haina roho, jamani! Nimepiga meza.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia nakwenda kuzitupa ziwani, Joe Pool. Nilifika. Upepo, Wamarekani wawili wanavua. Nikashika reale ya bibi — mkono ukakataa. Hata Leopold nilishindwa! Zote ziko kwenye buti la gari, chini ya tairi la spea.

Nyumbani nikasema: zimekwenda. Abigail kalia, kanikumbatia, kala ugali akaongeza. Miezi sijamwona akila hivyo. Nitamwambiaje sasa?

Jumapili, 16 Machi

Kanisani kwa kina Mama Carmel. Abigail kasimama kutoa ushuhuda: mume wangu ameacha alichokipenda. Vigelegele! Nikaitwa mbele. Nikaenda. Mama Carmel kaniwekea mkono kichwani, Mungu akuongezee, Baba. Nikasema amina, nikatamani sakafu inimeze. Jioni nilitaka kwenda ziwani kweli, lakini wageni walijaa sebuleni wakinipongeza.

Alhamisi, 20 Machi

Mtoto kacheza! Nimemsikia kwa kiganja changu. Kesho nikitoka kazini naenda ziwani. Kesho, lazima.

Ijumaa, 21 Machi

Damu. Alfajiri. Tuko hospitali, Dallas. Televisheni ni vita tu, Baghdad inawaka.

Mimi ni mfamasia. Najua damu inatoka kwa sababu gani na gani. Siamini mambo ya vichwa vya wafu. Lakini gari nimeliegesha mbali kabisa na mlango, parking ya mwisho, wakati nafasi za karibu zilikuwa tupu.

Daktari kasema tusubiri scan. Abigail hajaniuliza kitu. Kaweka mkono tumboni, anaongea na mtoto: vumilia, usiogope, baba yako alitupa wafalme wake wote kwa ajili yako. Kisha kanigeukia. Si ndiyo? Mwambie mwenyewe, akusikie. Kavuta mkono wangu, kauweka pale.

Nikainama, nikamwambia mtoto ndiyo.

Sasa kasinzia, mkono wangu wa kulia hajauachia. Naandika kwa mkono wa kushoto. Nikiuchomoa niende ziwani ataamka, atauliza nakwenda wapi. Magurudumu ya mashine ya scan nayasikia kwenye korido, yanakuja huku —