Filamu Niliyowatafsiria Akina Mama

Mpendwa Shangazi Wilkister, naomba msaada wako, na ukitaka kunigombeza nigombeze tu, ila nisikilize kwanza. Mimi ni Mrundi, naishi huku ughaibuni, Merrylands, kazi yangu ni kuhudumia wazee, na tangu kambini Tanzania mimi ndiye ninayewakalimania akina mama wasiojua Kiingereza, kwa daktari, shuleni, popote, na kule kambini nilizoea kulainisha, daktari akisema neno kali mimi nalitia asali kidogo ili mgonjwa asizimie.

Sasa mwezi uliopita kikundi chetu cha akina mama pale Auburn kilionyeshwa filamu, habari za nchi moja enzi zile sheria iliwatenga weusi na weupe, hata benchi la kukalia kila mtu na lake, na ndani yake kuna dobi mweusi na mwalimu mzungu, wanawake wote wawili, wanapendana, Shangazi, wanapendana kama mke na mume, nami nimesimama mbele na maikrofoni natafsiri, akina mama ishirini wananitazama, wengi wa kanisani kwangu. Nikasema ni marafiki wa kufa na kuzikana. Walipobusiana nikasema wanaagana, hata Mama Habonimana akauliza mbona wanaagana kila saa na hakuna anayeondoka. Polisi walipokuja wakamuuliza yule mwalimu, huyu ni nani wako, naye kwa woga akajibu, ni dobi wangu tu, wakamchukua mwenzake, na ukumbi mzima ukalia, wakasema urafiki kama ule siku hizi haupo.

Binti yangu Nella, ana miaka ishirini na mitatu, anasomea uuguzi Westmead, alikuwa amekaa nyuma na Armelle rafiki yake. Kiswahili anakisikia chote ila hujibu kwa Kiingereza. Ndani ya gari akaniuliza, "Mama, mimi na Armelle utatutafsiri vipi?" Nikaelewa hapo hapo. Nikaongeza sauti ya redio. Keshoye akabeba nguo zake, wiki ya tatu sasa yuko kwa Armelle, simu hapokei. Nimpelekee mchungaji amwombee? Au ninyamaze mpaka arudi? Nampenda mwanangu, na watu nawaogopa.

Mama Nella, Merrylands

Shangazi anajibu:

Wewe Mama Nella, ebu kaa chini. Pole kwanza. Najua makanisa yetu na midomo yake, na mtu aliyeishi kambini anajua kufukuzwa ni nini, kwa hivyo woga wako siuchezei. Lakini hiyo asali yako, haki ya Mungu, imezidi! Mkalimani hufikisha neno, likupendeze lisikupendeze. Wale wawili waliteswa kwa sababu ya mapenzi yao, wewe ukayachomoa, ukawaliza akina mama kwa kitu kingine. Na mtoto ameketi pale nyuma anamsikia mama yake akimkana. Kisha ukaongeza redio. Jameni, redio?

Mchungaji mwache, Nella hajaugua. Na usikae ukingoja arudi, maana yeye aliuliza swali na jibu bado unalo wewe.

Jumamosi hii pika isombe, kile kisamvu chenu, sufuria ya watu watatu, uende mwenyewe. Armelle akifungua mlango, msalimie kwa jina, umuulize habari za kwao, kama mgeni mwenye adabu. Usianze na Biblia wala majirani. Mwambie Nella kwamba ulisikia kila neno la ile filamu, na lake la ndani ya gari pia ulilisikia, ila uliogopa. Akilia, mwache alie. Akikukaripia kwa Kiingereza, kipokee vile vile kilivyo.

Akina mama nao waambie ukweli. Kikundi kikikutana, simama useme uliibadilisha filamu, waonyeshwe upya. Watakaonuna wanune, na huyo Mama Habonimana nadhani alishajua kitambo. Ya Nella usiyataje. Hayo ni yake kuyasema, siku akitaka.

Na mtu akikusimamisha madukani hapo Merrylands akuulize, yule msichana ni nani wenu? Yule mwalimu alijibu, ni dobi wangu tu. Wewe mama, inua kichwa ujibu: "Huyo ni wa nyumbani kwetu."