Niliifuta Sauti Yako ya Desemba

Owor,

Nakuandikia nikiwa na wivu, na nimeona nikuambie mapema usije ukasoma hadi katikati ukadhani nimekuwa mtu mwema kwa sababu umekufa. Wewe ndiye uliyezoea kunitania kwamba sisi Wasamia hatujui kuficha kijicho, kinatutoka usoni kila mtu akaona. Basi kione. Ninakuonea wivu wewe, uliyelala Nagongera chini ya udongo ambao bado haujakaa sawa.

Tulikuzika Agosti. Njia ya kuingia kwenu ilijaa boda boda hadi gari lililokubeba likashindwa kupita, ukamalizia safari mabegani mwa watu. Walikuja kutoka Busia zote mbili, ya kwetu na ya Kenya, na wengine hawakuwahi kukuona kwa macho. Kila aliyepewa nafasi ya kusema alimaliza kwa maneno yale yale: "Sasa Krismasi nani atatusalimia?" Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya spika, maana hata siku hiyo ni mimi niliyeombwa kushughulikia mitambo. Nililia, Owor, nililia kweli. Lakini katikati ya kilio nilijisikia nikiwajibu moyoni: mimi nipo, nitawasalimia mimi. Hakuna aliyegeuka kuniangalia.

Unaikumbuka siku tuliyoanza. Tulikaa benchi moja nje ya ofisi ya bosi pale Tororo, wote tumekuja kujaribiwa sauti. Nilisoma vizuri kuliko wewe, na wewe ulikubali hivyo mara nyingi. Uliruka mstari mzima wa taarifa ya habari, ukajicheka mwenyewe, bosi naye akacheka, ukapewa maiki. Mimi nikaambiwa nina mkono mtulivu, nikapewa mitambo. Miaka kumi na moja nimekutazama kupitia kile kioo. Nilikufungulia maiki, nikaifunga, nikakupandishia muziki, nikakuonyesha kwa kidole wakati wa kunyamaza, na hukunyamaza kwa wakati hata siku moja.

Halafu ukabuni kile kipindi. Nakumbuka ulikuja nacho asubuhi, bado umevaa helmeti ya boda, ukasema akina mama wa huku wana shida moja kila tarehe ishirini na nne: watoto wako njiani kutoka Nairobi, Kampala, Juba, na hawajui kuku achinjwe saa ngapi. Kwa hiyo tufungue simu kuanzia adhuhuri, kila msafiri apige aseme amefika wapi. Eldoret, Bungoma, Iganga, foleni ya malori ya Malaba. Nyumbani wakisikia, wanajua wawashe moto lini. Tukakiita kipindi Umefika Wapi. Mwaka wa pili akina mama wakaanza kuleta kadi za salamu: mwambie Wandera firigisi yake tumeiweka, asipofika kabla ya giza mdogo wake ataila. Ulizisoma kwa sauti ya huyo mama mwenyewe, na watu wakakuita Baba Sikukuu. Mimi niliyekuwa napokea simu zote hizo sikupewa jina lolote.

Na ile jingo, lile tangazo lako fupi la kipindi. Nikiitaja nakasirika upya. Unajua redio yetu ikifika Desemba huvaa sikukuu: kengele kila kona, watangazaji na kofia nyekundu, bango la muuza magodoro anayetudhamini pale mpakani, na ile jingo yako kila nusu saa kutangaza kipindi. Uliirekodi huku ukitafuna karanga. Ukasema, "Umefika wapi? Nyumbani wanakungoja," mara karanga ikakukwama, ukakohoa, na mimi upande wa pili wa kioo nikaangua kicheko. Kumbe maiki ya chumba cha mitambo nimeiacha wazi. Kicheko changu chote kikaingia, na ule mwisho wake unaopanda juu kama napaliwa. Hilo ni kosa la mtu wa wiki ya kwanza kazini. Nilikuomba turekodi tena, ukasema, "Wacha ikae, fundi." Mwaka uliofuata nikakuomba tena. "Wacha ikae." Niliamini unafanya makusudi, ili mwezi mzima kila nusu saa nisikie kosa langu likitangazwa kutoka Tororo hadi ziwani.

Ulipoondoka, Madam Amoding, bosi wetu, alinipa kipindi. Sijawahi kufurahi vile, na sijawahi kuona aibu vile kwa kufurahi. Mwishoni mwa Novemba aliniita ofisini akasema mtu wa magodoro anauliza kama tutabaki na sauti yako kwenye jingo, maana wateja wake wameizoea. Nikamwambia si heshima kumtumikisha marehemu. Nilisema polepole, macho chini. Nilikuwa nadanganya, Owor. Heshima yako haikunipitia kichwani. Nilitaka Desemba moja ambayo ni yangu. Akaniangalia akasema, "Sawa, jaribu yako. Lakini tarehe ishirini na nne simu isipoingia, mwakani natafuta mtu ingine."

Nilitengeneza jingo yangu kwa siku tatu. Niliweka kinanda, nikaweka kengele za mbali, nikasema maneno yako yale yale bila karanga, bila kikohozi, kila herufi mahali pake. Ilitoka safi. Tarehe mosi Desemba asubuhi niliiweka kwenye kompyuta ya studio, na yako nikaifuta. Nilibaki na nakala kwenye flashi ndani ya mkoba wangu, na usianze kujipa moyo, fundi huwa hatupi kitu.

Kisha kadi zikaanza kuja. Salamu kwa Baba Sikukuu huko aliko. Salamu kwa marehemu Owor, kipindi hakina ladha. Mimi niko hewani, nina pumzi, nina kofia nyekundu kichwani, na watu wanamsalimia asiyesikia. Hakuna hata kadi moja iliyoandikwa jina langu, Nabwire. Sasa nikuungamie: nilianza kukuruka. Mwalimu mmoja wa kwenu Nagongera alisalimia watu saba, wewe ukiwa wa nne, na mimi nikasoma sita. Nilifanya hivyo wiki tatu. Hakuna aliyejua, na kila nilipokuruka nilisikia raha kidogo, halafu naificha kadi kwenye droo.

Simu pia zilipungua. Mwaka jana wakati kama huo watu walikuwa wanapiga kuweka nafasi, wengine wanabembeleza. Mwaka huu simu ilikaa mezani kimya. Madam alikuwa anapita mlangoni, anaiangalia, anaondoka. Nilikulaumu wewe. Nilisema watu wanakuomboleza, wameninunia mimi kwa kubaki.

Tarehe ishirini na mbili, mchana, mlinzi akaniita kuna mama mmoja nje. Ametoka Masinya, boda hadi Busia, gari hadi Tororo, na kifuani amebeba redio imefungwa kwa kitenge. Alisema anaitwa Mama Barasa, na redio yake imekufa. Nikamwambia mama, hapa hatutengenezi redio. Akasema ameshampelekea fundi wa Busia mara mbili, fundi amebadilisha betri, amesema ni nzima. "Nazungusha, nazungusha, nyinyi hamuko." Na asipotupata ataharibikiwa, kwa sababu mwanawe anaendesha lori, na tangu baba yao afariki, firigisi ni yake. Kila mwaka huwa anapiga kipindini akisema amefika wapi, na mama anachinja kuku kwa hesabu hiyo.

Nikaichukua redio. Ni ya zamani, mshale wa kuonyesha stesheni ulishavunjika, kwa hiyo unatafuta kwa sikio tu. Nikamwambia azungushe nione. Akazungusha taratibu, akapita muziki, akapita mhubiri, akafika kwetu. Ilikuwa jingo yangu, na kinanda chake, na kengele zake. Hakusimama. Alitupita hivi hivi mbele ya macho yangu. Nikamshika mkono nikasema, "Mama, hapo. Ni sisi." Akanitazama kwa huruma. "Hapana, mwanangu. Hiyo ni ya Kampala."

Owor, siku tatu nimetafuta usafi wa ile sauti, na mama wa Masinya anaupita akijua ni watu wasiomhusu. Wala hakuwa anakuomboleza. Alikuwa hatuoni.

Nikaenda kuchukua mkoba, nikaingiza flashi kwenye kompyuta, nikamfungulia mlango akae kwenye kiti chako. Nikacheza ile ya zamani. "Umefika wapi? Nyumbani wanakungoja," halafu karanga, halafu mimi. Mama akapiga makofi. "Ee! Ndio hao!" Nikasema kwa uchungu wote nilionao, "Ndiyo, mama, ni Owor." Akasema, Owor anajua, lakini mkono wake huwa hausimami kwa Owor, wanaume wa redioni wote wanaongea sawa. Husimama kwa yule mwanamke. Akisikia kile kicheko kinapanda, anajua amefika, anaweka redio chini. Kisha akashusha sauti, akaniuliza, "Na huyo wa kucheka, naye alikufa?"

Tangu Agosti sijacheka, na sikuwa nimegundua hadi pale. Nikasema, "Yupo, mama." Akasema, "Mwambie arudi."

Alipoondoka nilirudisha jingo yako, ya kwetu. Madam aliisikia kutoka ofisini kwake, akaja akasimama mlangoni. Aliisikiliza hadi mwisho, akarudi kazini kwake.

Tarehe ishirini na nne tulifungua simu saa sita. Simu ya kwanza ilitoka Jinja, ya pili Kisumu, ya tatu mlevi wa hapa hapa Tororo aliyesema amefika kwenye kiti. Baadaye zikafuatana hadi sikupata nafasi ya kunywa maji. Kati ya simu nilisoma kadi, na zile nilizokuwa nimelikata jina lako nilizitoa kwenye droo nikazisoma upya, na mwalimu wa Nagongera nikamsomea watu wake saba, wewe wa nne.

Saa kumi akapiga Barasa. Yuko Webuye, gurudumu limepasuka, analibadilisha, atafika jioni. Nikamuuliza ana ujumbe gani kwa nyumbani. Akasema, "Mwambie mama firigisi asiguse. Mwaka jana aliionja chumvi mpaka ikaisha."

Nikacheka. Kilinitoka chote, kikapanda mwisho wake mbaya ule ule, hewani, na mkono wangu haukufika kwenye maiki kwa wakati. Na nilipokaa sawa nilikuta natokwa machozi, na kwenye kioo, upande wa mitambo, hakuna mtu wa kunionyesha kidole. Muziki niliupandisha mwenyewe.

Kabla wimbo haujaisha simu ikaita tena. Ilikuwa simu ya jirani, na nyuma yake nasikia kuku na watoto na redio yetu ikijirudia. Mama Barasa hakunisalimia hata. "Ni wewe! Kumbe uko hai!" Akanifokea kabisa, kwa nini sikumwambia siku ile, amekaa na mimi chumba kimoja. Kisha akasema anakwenda kuwasha moto, akakata.

Madam amesema mwakani kipindi ni changu. Nilidhani nikisikia hayo wivu utaisha, lakini haukuisha, umehama tu. Kwa maiki uliyopewa sikuonei wivu tena. Nagongera na umati wake, kaa nao. Kinachonichoma ni kwamba ulijua. Miaka yote nikikuomba ile jingo tuirudie, wewe ulikuwa umesikia kitu ambacho mimi mwenye kicheko sikukisikia, na ukakaa nacho peke yako ukitafuna karanga. Mbona hukuniambia? Ungesema siku moja tu, Owor. Ningekubali hata uniambie kwa utani.

Lala salama, rafiki yangu. Udongo ukikaa sawa nitakuja Nagongera na karanga, nitazila mwenyewe hapo hapo kwenye kaburi lako, ujue kukosa kulivyo. Na ninakuahidi hili: kadi yoyote yenye jina lako nitaisoma yote. Na kijana yeyote atakayekuja studio na masikio yake mapya akaniambia jingo ya Desemba ina kikohozi na mwanamke anacheka, turekodi upya, nitamjibu kama ulivyonijibu.

Wacha ikae.

Nabwire