Mama wa Kusaini

Misheck, leo Jumanne tarehe 14 Mei mambo yangu yote yameharibika. Rwamba hajafanyiwa operesheni. Wamekataa!

Miezi kumi namlisha huyu mtoto kwa kijiko, nimemketisha wima, kwa sababu ya hilo tundu la kaakaa alilozaliwa nalo. Maziwa yakimtokea puani napangusa, naanza tena. Leo ndio wangemshona.

Sista akanipa fomu. "Mama asaini hapa."

Nikamwambia, "Mama ndiye huyu nimebeba."

Si unajua ana jina la mama yangu, sisi wote tunamwita Mama. Jibu lilinitoka tu, mtoto analia njaa tangu asubuhi, walisema asile. Sista akaona namchezea. "Mzee, wacha mzaha! Nataka mama mzazi!"

Nikamwambia mke wangu Wanjugu alifia hapa hapa kwao, siku alimzaa huyu. Wodi yenyewe ile pale. Ati, "Basi leta barua ya chifu kwamba alikufa."

Barua ya chifu, Misheck! Na ni wao waliniita wakaniambia amekufa!

Nikaenda kwa mkubwa wao. Hata hakuinua macho. "Utaratibu ni utaratibu, baba." Wakaita mtoto mwingine. Hao madaktari wa kushona wanaondoka kesho, na kurudi ni mwaka ujao.

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini jina langu najua kuandika. Nimeuliza sista, nimeuliza mkubwa, nimeuliza hata askari wa geti: sahihi ya baba ina ubaya gani?