Kengele Iliyolia Mara Moja

Jumatatu, 3 Machi

Tii. Mara moja tu. Sista Akinyi, muuguzi, aliiga kengele kwa mdomo, kwenye simu kutoka Migori, na tangu hapo sisikii kingine. Mtungi wa oksijeni wa mtoto mmoja uliisha wodini. Kifaa tulichowaundia kinatakiwa kulia mtungi ukiisha, hadi mtu aje. Kililia mara moja, kikanyamaza. Mtoto amefariki. Hali yake ilikuwa mbaya tayari, sista alisema. Hainisaidii.

Jumanne, 4 Machi

Ofisini, Homa Bay. Nimeipitisha programu ya kifaa tena kwenye chombo cha kompyuta kinachokagua makosa ya kumbukumbu. Makosa: hakuna. Okello, bosi wangu, alisema mashine haina sababu ya kudanganya. Ijumaa anakabidhi vifaa vingine hapa mjini. Simwamini. Chombo pia sikiamini.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata. Programu ina nyuzi mbili zinazokwenda pamoja: mmoja unasoma kipimo cha mtungi, mwingine unapiga kengele. Kwenye mipangilio ya chombo, nyuzi zimezimwa. Okello alizizima ili ukaguzi uende haraka. Kimekuwa kikiangalia uzi mmoja na kuapa kwa niaba ya zote mbili.

Nimeziwasha, nikakiunda chombo upya, nikaipitisha programu tena. Makosa skrini nzima. Uzi wa kengele unaandika kwenye kumbukumbu ambayo uzi wa kusoma umeshaiachilia. Hapo kengele inakufa.

Niliyachapisha kwenye karatasi. Kisha nikamwonyesha Okello. Alisoma yote, polepole. Akasema nirekebishe baada ya Ijumaa, wageni wameshaalikwa.

Namchukia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia sista kumuuliza kama bado wanaangalia geji za mitungi. Huniita nyara, yaani binti yangu kwa Kijaluo.

"Ya nini, nyara? Tangu mlete hicho kitu, kikinyamaza tunajua hewa iko."

Bado kiko ukutani. Chini yake wamelazwa watoto wengine.

Ijumaa, 7 Machi

Migori. Mvua. Nilipanda stuli nikakifungua kifaa. Kiko mkobani mwangu. Ukutani yamebaki mashimo ya skrubu.

Nilimweleza sista kila kitu. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alivuta kiti hadi kwenye mitungi, akakaa akiangalia geji.

Simu nimeizima. Ripoti ya makosa niliwatumia wageni wa Okello asubuhi, kabla sijatoka Homa Bay.