Mkanda wa Tumboni

Mjukuu wangu Neema,

Nakusalimu katika Bwana kutoka hapa Najma, Doha. Mamako amenipigia, mdogo wako amepona, Mungu ashukuriwe. Anasema pia umevua mkanda wa sufu niliokufumia, kwa kuwa wenzako bwenini wanakuita mama mzazi. Unauliza kama mimi sikuona haya kuuvaa.

Niliona sana. Nilipofika huku niliwekwa kwenye chumba baridi cha mboga hotelini, na msimamizi akasema nikishindwa nitarudishwa nyumbani. Nikavaa sweta tatu, bado natetemeka. Mpishi mmoja mzee, Mjapani, akanicheka: "Mama, umejifunika kama kabeji, tumbo umelisahau!" Akainua aproni kunionyesha haramaki, mkanda wa kufuma ambao kwao huvaliwa tumboni majira ya theluji, wanaume kwa wanawake.

Nikafuma wangu. Kwetu anayefungwa tumbo ni aliyetoka kujifungua, basi Wakenya wenzangu wakanipigia vigelegele: "Mama Rose, ni msichana ama mvulana?"

Nikawajibu, "Anaitwa Kazi, na simwachi."

Baridi niliizoea, Neema. Vicheko sikuvizoea, lakini mkanda niliufunga kila asubuhi. Hiyo baridi ya shuleni kwenu Limuru haina huruma. Uvae, mama, uingie darasani.

Nimekutaja kwenye sala,
Shosho wako